Kiwiko kinaniuma miezi 9 sasa, nimeambiwa operesheni za aina 3, nichague ipi?

BARUA

Assalaam alaykum dada. Naandika kwa mkono wa kushoto kwenye simu kwa hivo nisamehe makosa. Mie ni mama wa watoto 4, niko Pemba, Chake Chake, kazi yangu kupika. Asubuhi chapati na maharage ya nazi, jioni samaki wa kupaka na wali, na watu wa maofisini wananipa oda zao za shughuli. Kwa siku nakuna nazi 12 mpaka 15 na tui nakamua mwenyewe kwa kifumbu kama alivonifunza bibi yangu, blenda siipendi wateja wanasema tui lake jepesi.

Sasa ni miezi 9 kiwiko cha kulia kinaniuma, pale kwenye kifupa cha nje, ukikigusa kwa kidole nashtuka. Kilianza kama uchovu tu, nikalala nikaamka bado, mpaka siku moja nanyanyua birika la chai limejaa mkono ukaacha wenyewe, chai yote chini na mtoto yuko karibu, Mungu alimnusuru. Siku ya Idi watu wanakuja kunipa mkono mie nawapa wa kushoto, wengine wananiona sina adabu.

Nimepaka mafuta ya makonyo ya karafuu, mama mmoja akanichua mpaka nikalia akasema mshipa umepanda. Nikaenda hospitali (siitaji), wakasema ni tenisi elbo, nikacheka, mie tenisi naijulia wapi. Wakanichoma sindano. Dada, siku ya 3 sina maumivu wallahi, nikakuna nazi 20 za harusi. Baada ya miezi 2 ikarudi. Nikachomwa ya pili, ikashika wiki 5. Ya tatu wiki 2 tu. Mara ya mwisho ni mwezi jana. Mazoezi nilipewa karatasi ya picha hakuna aliyenieleza, nikafanya siku 4 naona inauma zaidi nikaacha.

Sasa naambiwa operesheni, na hapa ndipo nimechanganyikiwa. Daktari mmoja ananambia ya kufungua, anakata juu ya kifupa anatoa ile sehemu mbovu anashona. Kaka yangu yuko Dar kaulizia huko kaambiwa hiyo ya zamani, siku hizi ni kamera, vitundu tu, lakini bei yake karibu mara 3 na nauli ya boti na kukaa huko. Shoga yangu nae mumewe fundi mwashi yeye alifanyiwa ya kutoboa, kaganzishwa pale pale, kachanjwa kidogo, akarudi nyumbani siku ile ile. Baba watoto anasema twende ya kamera ndio ya kisasa, tuuze kitu. Mie nina pesa za kikoba nilizokuwa nimeziweka kwa jiko la gesi kubwa. Na Ramadhani imebaki miezi 4 na nusu, huo ndio mwezi wangu wa kula mwaka mzima.

Nambie dada, ipi inaponesha kweli? Na nikifanya sasa ntawahi Ramadhani?

Mama wa chapati, Chake Chake

JIBU

Waalaykumu salaam mdogo wangu, na pole sana, miezi 9 ya kupika kwa mkono unaouma si mchezo, na lile birika limenitia baridi hata mie niliyesoma tu. Nimekaa thieta miaka mingi nikiwapa madaktari vyombo mkononi, kiwiko kama chako nimekiona kikifunguliwa, kwa hivo ntakueleza nilichokiona na vile vilivyopimwa kwenye tafiti, kisha wewe na daktari wako ndio wa kuamua maana mie mkono wako sijaushika.

Jibu langu nakupa mwanzo usihangaike kulitafuta. Hizo operesheni 3 zinapishana kwa ukubwa wa kidonda, kwa siku za kukaa nyumbani na kwa bei. Kwa kupona hazipishani sana, ukiwatizama watu baada ya mwaka aliyefunguliwa na aliyetiwa kamera na aliyetobolewa wote wanakaribiana. Na wewe kwa ulivoniandikia bado hujaufikia mlango wa operesheni yoyote, kwa sababu tiba yenyewe ya maradhi haya umeifanya siku 4 tu, tena bila ya mtu wa kukuonesha.

Hilo jina la tenisi elbo lisikusumbue. Wa kwanza kuyaandika maradhi haya alikuwa daktari wa Kijerumani, Runge, mwaka 1873, na yeye alikuwa anazungumzia watu wenye shida ya mkono kwa kuandika, hakuna mpira wala raketi. Jina la tenisi lilikuja miaka ya 1880 kule Uingereza mchezo ulipoingia fasheni, likaganda. Wengi wanaougua ni watu wa miaka 35 mpaka 55 wenye kazi za kushika na kusokota: mafundi, wapishi, wapaka rangi.

Shika kifumbu sasa hivi, hata kitupu, ukikamue, halafu utizame mkono wako. Kifundo cha mkono kinajikaza kwenda nyuma, si ndio? Vidole haviwezi kubana kwa nguvu mpaka kifundo kishikwe imara, na kinachokishika ni misuli ya mgongo wa mkono, baina ya kiwiko na kifundo, ambayo imekusanyika yote ikajifunga kwenye kile kifupa chako cha nje cha kiwiko kwa ukano, yaani ile kamba inayoufunga msuli kwenye mfupa. Kila tui unalokamua ukano ule unavutwa, na nazi 15 kila siku kwa miaka unavutwa bila ya kupata nafasi ya kujijenga, mpaka nyuzi zake zinachakaa. Ukano mzima ukiuona thietani ni mweupe unang'aa. Ule uliochakaa una rangi ya kijivu, umelowa, ukiugusa na ncha ya kisu unachanika wenyewe kama kitambaa kilichooza. Hiyo ndiyo "sehemu mbovu" aliyokwambia daktari wako, yuko sahihi, ipo.

Operesheni zote 3 zinautafuta ukano huo huo.

Ya kufungua ndiyo iliyozoeleka kuliko zote. Wanakata kama sentimita 3 mpaka 5, wanausogeza ukano wa juu, wanaitoa ile ya kijivu yote, wengine wanakikwaruza kidogo kifupa kitoe damu mpya, wanashona. Marekani mwaka 1979 madaktari Nirschl na Pettrone walitoa hesabu ya viwiko 88 walivyovifanya hivyo, na 85 katika kila 100 walirudi kwenye shughuli zao zote bila ya maumivu, ndio maana njia hii ikaenea dunia nzima. Uzuri wake daktari anaona anachokikata. Ubaya wake kidonda ni kikubwa, na akizidisha kukata kwa upande wa nyuma anaweza kuigusa ligamenti inayoshika kiwiko, kikaanza kucheza. Halitokei sana, lakini ndilo linalonifanya niseme mkono wa daktari una uzito kuliko jina la operesheni.

Ya kamera, vitundu 2 au 3, anaingia ndani kabisa ya kiungo na anakiona chote kwenye skrini. Hii ina maana kubwa kama kuna kitu chengine ndani, kipande cha gegedu kinachoelea au kiwiko kinachokwama. Kwa ukano peke yake? Kule Canada walichukua watu 75, nusu wakafunguliwa nusu wakatiwa kamera kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu, matokeo yakachapishwa 2018, na baada ya miezi 12 hakukuwa na tofauti ya maana kati yao, ila ya kamera ilichukua muda mrefu zaidi thietani. Tena vile vitundu vinapita karibu na mshipa wa fahamu wa mkono, kwa hivo inataka mtu aliyeizoea hasa. Mwambie baba watoto namuheshimu sana na naona anavokupenda, lakini neno kisasa lisiwauzishe kitu cha nyumba. Mara 3 ya bei, na boti, na kukaa Dar, kwa ukano ule ule na kupona kule kule, mie nisingekubali, labda picha ioneshe kwamba kuna jengine ndani ya kiungo.

Ya kutoboa aliyofanyiwa mume wa shoga yako ni chale ndogo, haifiki hata sentimita moja na nusu, ganzi ya pale pale, ukano unaachiwa kidogo kutoka kwenye mfupa ule mvuto upungue. Kuna utafiti wa mwaka 2004 wa viwiko 47 uliolinganisha hii na ya kufungua, na waliotobolewa walirudi kazini kama wiki 3 mapema kuliko wenzao, mtu wa katikati aliyetobolewa baada ya wiki 2, aliyefunguliwa baada ya wiki 5. Kwa mtu anayekula alichokipika wiki 3 ni nyingi, nalijua hilo. Kasoro yake daktari haoni sana ndani, anakwenda kwa kuujua mwili, kwa hivo ile ya kijivu inaweza kubaki.

Ukinibana uniulize ingekuwa mkono wangu na nimeshafika kweli mwisho wa njia, ningechagua ya kutoboa au ya kufungua, yoyote ambayo daktari wa karibu nami anaifanya mara kwa mara, na pesa iliyobaki ningelipia fiziotherapia, yaani mtaalamu wa kunifanyisha mazoezi.

Lakini sikiliza na hili, na ulisome pole pole. Australia walifanya jambo ambalo si wengi wanalithubutu. Walichukua wagonjwa 26 wenye kiwiko hichi, wote wakaingizwa thieta, wote wakachanwa ngozi mpaka ukano ukaonekana. Nusu yao wakatolewa ile sehemu mbovu. Nusu nyengine hawakutolewa chochote, wakafungwa tu, na wao wenyewe hawajui nani kafanyiwa nini. Matokeo yalitoka 2018: wote walipata nafuu, na hakukuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Watu 26 ni wachache, hauwezi kuifuta operesheni duniani kwa watu 26, na mie mwenyewe nimewaona waliotoka thieta wakapona baada ya kuteseka miaka. Ila inatufanya tujiulize ni kisu kilichoponesha, au ni ile miezi ya kuupumzisha mkono na kuufanyisha mazoezi taratibu baada ya kisu. Na kama ni miezi ile, wewe unaweza kuipata bila ya kushonwa.

Sasa sindano. Hapa nakasirika kidogo, si kwako. Uliyochomwa nina hakika ni steroidi, na raha uliyoipata siku ya 3 ilikuwa ya kweli, hukudanganyika. Uholanzi mwaka 2002 walipima watu 185: baada ya wiki 6 waliochomwa sindano 92 kwa 100 walikuwa wazuri, waliopewa mazoezi 47, walioachwa tu bila ya kitu 32. Umeona? Sindano imeshinda mbali. Lakini baada ya mwaka mambo yaligeuka, wa sindano 69, wa mazoezi 91, na hata wale walioachwa tu walikuwa 83, wamewapita wa sindano. Australia tena 2013, watu 165, zaidi ya nusu ya waliochomwa steroidi yaliwarudia. Ndiyo hadithi yako hiyo, miezi 2, wiki 5, wiki 2, kila inayofuata inashika pungufu ya iliyotangulia. Dawa ile inatuliza uvimbe, na ukano wako haukuvimba, umechakaa. Halafu ilipokuondoshea maumivu ukaenda ukakuna nazi 20 za harusi juu ya ukano uliooza, na hakuna aliyekwambia usifanye. Ya nne usikubali. Na kwa kuwa ya mwisho ni mwezi jana tu, hata ungetaka kupasuliwa kesho wapasuaji wengi wangekwambia subiri miezi kama 3 hatari ya kidonda kuingia vidudu ipungue.

Kwa hivo miezi hiyo unayo kwa vyovyote vile. Itumie hivi.

Usiache kazi, badilisha kazi. Kifumbu kwa sasa weka, najua utaumia moyo lakini kule kusokota ndiko kunakokumaliza, mpe mtoto mkubwa akukamulie au tumia blenda halafu chuja kwa kitambaa kwa kukandamiza na kiganja juu ya chujio, usisokote, na ukitia maji kidogo mara ya kwanza tui linatoka zito, jaribu kabla hujanibishia. Mbuzi akalie mwengine. Ule mti wa kusukumia chapati uviringishe kitambaa kwenye vishikio viwe vinene, kitu kinene hakitaki kubanwa sana. Na birika, sufuria, ndoo, chochote unachonyanyua, kiganja kitizame juu, usinyanyue kitu kiganja kimetizama chini. Hilo peke yake utaliona tofauti ndani ya wiki.

Kisha mazoezi. Kaa kwenye kiti, uweke mkono juu ya meza kiganja chini, kifundo kitokeze nje ya ukingo wa meza kining'inie. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Kwa mkono wa kushoto isaidie chupa kupanda, halafu uuachie wa kulia uiteremshe peke yake pole pole huku unahesabu 1 mpaka 5. Siri iko kwenye kuteremsha. Mara 15, pumzika dakika 2, tena 15, tena 15, kila siku mara moja. Ikiwa hata hiyo nzito anza na chupa ya robo, au siku za mwanzo kaza kifundo tu bila ya kukisogeza sekunde 30, mara 5. Itauma kidogo, na hapa ndipo ulipokimbia siku ya 4 na wala sikulaumu kwa sababu hukuambiwa: maumivu ya kuvumilika yanayokwisha mpaka asubuhi si dalili mbaya, ukano unajengwa kwa kupewa uzito kidogo kidogo. Yakiwa makali au yakikulaza macho, punguza uzito, usiache. Ikishakuwa nyepesi wiki 2 mfululizo ongeza mchanga kwenye chupa. Wiki 12 ndio kipimo, wiki 6 za mwanzo unaweza usione kitu kikubwa na ndio wengi wanapokata tamaa. Ukipata mtu wa fiziotherapia hapo Chake au Abdulla Mzee Mkoani akakuonesha mara 2, 3, bora zaidi kuliko karatasi ya picha na kuliko mie. Ule mkanda wa kufunga chini ya kiwiko vidole 2 unaweza kuuvaa wakati wa kupika, wengine unawasaidia, wengine hapana, bei yake ndogo. Na kuchuliwa mpaka ulie, basi. Mafuta ya makonyo ukipenda joto lake paka, hayadhuru, ila msiutie nguvu ukano ule.

Kuna kitu hukuniandikia na lazima umwambie daktari. Je, vidole vinakufa ganzi? Unashindwa kunyanyua vidole vyenyewe au kidole gumba? Maumivu yanaanzia shingoni? Au yakibonyezwa yako chini zaidi, vidole 3, 4 chini ya kifupa, kwenye nyama? Kwa sababu mshipa wa fahamu unaobanwa pale, au shingo, unaweza kujifanya tenisi elbo, na mtu akapasuliwa kiwiko vizuri kabisa asipone kwa kuwa maradhi hayakuwa pale. Wewe unaumia kwenye kifupa chenyewe na ukinyanyua birika, hiyo inafanana na ukano, lakini utizamwe kwa mkono wa mtu.

Na Ramadhani. Ukipasuliwa sasa, hata ukimpata wa kukupasua, ni nyuzi siku 10 mpaka 14, mazoezi mepesi baada ya hapo, ya nguvu kutoka wiki ya 6, na kazi nzito kama yako ya kukuna na kubeba masufuria kwenye miezi 3 mpaka 4 kwa ya kufungua. Yaani ungeingia Ramadhani na mkono mchanga ukaupeleka moja kwa moja kwenye sambusa na tui la watu 100. Mie siipendi hesabu hiyo. Ukianza chupa leo, wiki 12 zinakwisha na bado una mwezi na nusu mkononi, na wengi mno wa maradhi haya, kama 8 au 9 katika 10, wanatulia ndani ya mwaka mmoja bila ya kisu.

Ikifika baada ya Idi umefanya wiki 12 za kweli, kifumbu umekiweka, na bado huwezi kunyanyua birika, basi hapo rudi kwa daktari na mimi nitakuwa upande wako kwenye operesheni, usiogope. Muulize: umefanya ngapi za kiwiko hichi na unaifanya ipi zaidi? Ganzi ya mkono au nusu kaputi? Nitashika sufuria baada ya wiki ngapi? Nani ataniongoza mazoezi baadae? Daktari asiyekasirika kwa maswali hayo ndiye wako, hata kama kamera hana.

Pesa ya kikoba nunua jiko. Tafuta lile lenye kimo cha kiunoni usiwe unainama na kunyanyua sufuria kutoka chini, na mwanao mkubwa umfunze kifumbu sasa hivi, tui la bibi yenu lisipotee wakati mkono unapumzika. Niandikie wiki ya 6, unambie birika unalinyanyua limejaa kiasi gani.